Mapipa tuliyoyashusha tukiimba

Leo Alhamisi, miezi saba tangu nitoke Masasi, nimebeba mapipa yaleyale mara mbili.

Kwa msiojua, huku Nzega tunaloweka marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa, ndani ya tangi kwa dawa ya sianidi ili utoe dhahabu iliyobaki. Tangi likimaliza tunalipwa, ndipo mtu anaenda kwao.

Sasa sianidi imeadimika. Inatoka nje, na kila mwenye mgodi duniani anaitaka. Tangi letu limekaa kavu muda mrefu.

Asubuhi lori likaja.

Jamani, mapipa ya sianidi! Tulishusha tukiimba. Masanja, mwenzangu wa Igunga, akanipiga bega, akaniita kwa Kisukuma chake: "Ng'wanawane, mwanao atakujua sasa!"

Maana nilimwacha mke wangu mjamzito. Leo mtoto wetu Zuhura ameanza kukaa bila kushikwa, mimi namwona kwenye simu tu.

Hata jasho halijakauka, likaja lori jingine. Tajiri wetu akashuka anachekelea.

"Vijana, pakieni. Mwenye mgodi jirani kanipa bei ya mapipa haya inayozidi faida ya dhahabu yenyewe."

Nikamuuliza, "Tajiri, na tangi letu?"

"Litasubiri. Tangi halili."

Masanja akanong'ona, "Sisi tunakula."

Tukapakia. Safari hii hakuna aliyeimba.

Nyie mnaoniambia nirudi mikono mitupu, semeni kweli, mngerudi?

Mama Zuhura, nilikuahidi kuja Idi. Usiihesabu tena. Nitakuja mzigo mwingine ukifika na tangi likimaliza.

Mwambie mtoto asiharakishe kutembea.