Siku Niliyomwita Mbwa wa Jirani

Tulikuwa watu wanne. Wa kwanza ni dokta wa wanyama, binti wa Bugarama. Baba yake alifanya kazi ya simenti, na mama yake nilisali naye kanisa moja. Wa pili ni Papa anayelinda kituo cha mbwa waliopotea, hapa juu Kamembe. Yeye na mimi tulikulia Bukavu mtaa mmoja, ila mimi nilikuwa tayari na batoto wakati yeye anajifunza kutembea. Wa tatu ni mzee wa mudugudu, kijiji chetu, aliyeoa binti wa shangazi yangu. Wa nne ni mimi. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya wazazi wao, lakini mjukuu wangu anayenisaidia kuandika ameniomba nisiyaweke.

Mzee alikuja kunichukua asubuhi. Alisema sheria za kituo zinataka jirani mmoja awe shahidi, mnyama akilazwa usingizi wa kutoamka.

"Kwa nini mimi?"

"Maman, wewe huna haraka na husahau kitu. Shahidi ni muntu kama huyo."

Mbwa alikuwa amejibana kwenye kona ya ua. Lori lilimvunja kiuno kwenye barabara ya Bugarama, miguu ya nyuma ilikuwa imekufa, na kidonda kilinuka mpaka mlangoni. Ukimsogelea anakuonyesha meno yote.

"Koko, ubakie hapo!" mlinzi akanipigia kelele; kwake kila bibi ni Koko. "Ile imbwa jana ilinipasulia kiatu. Bahati mguu ulikuwa ndani kidogo tu."

Dokta alikuwa na sindano mbili kwenye sahani ya chuma. Alijaribu kusogea mara tatu, mara tatu akarudi. Mzee wa mudugudu akachoka.

"Zamani tulikuwa tunamaliza na rungu moja, kisha tunaenda kunywa chai."

"Zamani yako imekatazwa, Mzee. Soma pale ukutani."

"Sina miwani."

"Basi nitakusomea."

Dokta akatusomea. Mnyama asivutwe kwa kamba ya shingo. Asifie mbele ya mnyama mwingine. Akiwa na hofu asilazimishwe. Mwache atulie, hata kama ni kungoja kesho. Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Ya pili asipewe mpaka uguse jicho lake nalo lisipepese. Asibebwe mpaka moyo usikilizwe mara mbili. Nilisimama mdomo wazi. Nimezaliwa kabla ya mambo mengi, nimevuka daraja la Rusizi nikikimbia na nimelivuka nikirudi, nimeona waliokufa wengi. Sikujua kama kuna watu waliokaa chini wakaandika namna ya kumuaga mbwa.

"Lakini akingoja kesho," dokta akasema, "ni usiku mwingine wa maumivu hayo."

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kama jani la mgomba. Nikamjua.

Alikuwa wa jirani yangu. Yule mama tuligombana kwa sababu ya njia ya kwenda kisimani, akadai mimi napeleka maneno. Kwetu huku, mtu asiyetaka kumtukana jirani usoni humpa mbwa wake jina, jina ndilo likafanye kazi. Wake alimpa jina ambalo maana yake ni "wanaosema watachoka". Kila alfajiri alisimama akielekea mlango wangu na kumwita. Miaka! Mimi niliapa kwamba jina lile halitapita mdomoni mwangu. Hata siku tulipomzika yule mama, nilipeleka maharage nikamkuta mbwa kaburini, nikamwambia tu, "We, sogea."

Nikamwambia dokta kwamba mwenye mbwa amekufa, na batoto wake wanakaa Bukavu. Akasema mtu wa familia akijulikana lazima aulizwe kwanza. Mlinzi akampigia simu binti mkubwa. Tulimsikia akilia, kisha akasema, "Mumupumuzishe. Lakini asiogope."

Asiogope! Sote tukamwangalia mbwa, naye anatetemeka na meno yako nje.

"Anaitwa nani?" dokta akaniuliza.

Nikaanza kufunga upya kitambaa changu cha kichwa. Mzee wa mudugudu alijua sababu, akaanza kukohoa kicheko. Nikamgeuzia mgongo, nikainama kadiri magoti yanavyoniruhusu, nikaliita lile jina.

Masikio yakasimama. Meno yakaingia ndani. Nikaita tena, kwa sauti ya yule mama, maana sauti ile naijua kuliko ya dada zangu. Akajivuta kwa miguu ya mbele, polepole, akaweka kidevu juu ya kiatu changu.

"Leo Maman anajitukana mwenyewe!" mzee akasema, lakini kofia alikuwa ameshaivua.

"Endelea kumwita, Mukecuru," dokta akaninong'oneza, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Usiache."

Sindano ya kwanza iliingia nikiwa naita. Niliita kama mtu anayembembeleza mtoto aliye mgongoni, jina lile lile lililonitoa machozi alfajiri ngapi. Kichwa kikawa kizito juu ya mguu wangu. Dokta akagusa jicho, halikupepesa. Akatia ya pili. Akasikiliza moyo, akatazama saa, akangoja, akasikiliza tena, kama vile hakuna kazi nyingine duniani. Wengi niliowapenda, hakuna aliyewasikiliza hata mara moja.

Akanivalisha kile chombo masikioni. Kwa mbwa hakukuwa na kitu. Nilisikia damu yangu mwenyewe inapita, kubwa, kama mto chini ya daraja.

Sasa mliokuwepo, nisahihisheni. Mzee anasema mbwa hakuja, mimi ndiye niliyemfuata kwenye kona, labda. Labda pia sindano ya kwanza ilikuwa mguuni, mimi naikumbuka shingoni. Lakini binti wa yule mama aliniuliza tulipokutana mpakani kama mbwa alilia, nikamjibu kwamba hakulia hata kidogo. Masikio yangu si yale ya zamani. Dokta, wewe ulikuwa karibu zaidi: kama alilia, uniambie, nivuke nikamwambie ukweli.