Baba na Mabwawa ya Majitaka

Sisi tuliokulia Kasese kabla ya simu kuingia kila mfuko tunakumbuka joto la saa nane, vumbi la barabara ya Muhokya, na samaki wa Kasenyi waliofika sokoni wamefunikwa majani. Mimi nakumbuka pia buti za mpira za baba mlangoni kila jioni, zimeoshwa mara mbili, maana mama hakuridhika na mara moja.

Baba alitunza mabwawa ya majitaka pembeni mwa mji. Uchafu wa vyoo uliingia bwawa la kwanza ukatulia, maji yakapita la pili na la tatu, jua likafanya kazi yake, na mwishowe yakatoka kuingia mtoni. Watoto wa mji walimwita Bwana Choo, wengi bila kujua ni baba yangu. Kwa hiyo shuleni nilisema baba yangu ni polisi. Rafiki yangu Masika aliamini, hata akawa ananigawia muhogo wake.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, nilimpelekea baba chai nikamkuta matopeni hadi magotini. Ukingo wa bwawa la kwanza ulikuwa umepasuka, na maji meusi yalikuwa yanateremka kuelekea mtoni. Hakupaza sauti.

"Kabugho, kimbia kwa mto. Ambia wamama wasichote maji. Mimi siwezi kuacha hapa."

Nilikimbia. Wa kwanza kuniona alikuwa mama yake Masika, na Masika mwenyewe kando yake, jerikeni mbili zimejaa.

"Baba amesema musichote," nikasema. "Maji ya vyoo inakuja."

"Baba yako si iko polisi?" akauliza yule mama. "Yeye amejua namna gani?"

Wamama wote waligeuka kunisikiliza. Ningeweza kudanganya tena, lakini wasingeniamini, na maji yalikuwa njiani.

"Hapana, mama. Baba yangu ndiye anaangalia mabwawa ya choo."

Masika alinigeuzia mgongo. Mama yake akainua jerikeni, akazimwaga zote mbili, akawaita wenzake waende chemchemi ya juu, ingawa ilikuwa mbali. Wanaume walikwenda kumsaidia baba kwa magunia ya mchanga, na kabla ya jua kuzama ukingo ulishika. Kwa siku kadhaa hakuna aliyegusa maji ya mto, na sikusikia mtoto aliyeharisha.

Masika alininunia wiki nzima. Kisha akaomba kuona mabwawa. Baba alivaa shati la kanisani kutupokea, akateka maji ya bwawa la kwanza kwenye chupa moja na ya bwawa la mwisho kwenye nyingine, akaziinua juani.

"Muone," akasema, akionyesha ile ya bwawa la mwisho, iliyokuwa angavu zaidi. "Hii haiko ya kunywa. Lakini mto haiwezi kufa nayo."

Sikuwahi kumwona ana raha kiasi kile.

Siku hizi binti yangu, ninayekaa naye Bwera, hubonyeza kitufe cha choo akarudi kwenye simu yake. Nilimwuliza uchafu unakwenda wapi. Akafikiri sana, akajibu, "Kwa serikali." Nilicheka mpaka machozi.

Baba hayupo tena. Mwezi uliopita nilipita mabwawani nikaona seng'enge mpya na kijana mwenye sare. Enzi zetu tulimcheka mtu wa majitaka, lakini mji mzima ulimjua. Huyu hakuna anayemcheka, wala anayemjua. Nilimsalimia, nikamwambia asante kwa kazi. Akageuka kutazama nyuma yake, aone ninasema na nani.