Meta Iliyopungua Vidole Vinne

Mwaka ule nilichagua mwenyewe. Tulikuwa walimu wawili wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, mtaa wa Tshopo, na watoto walipogawanywa niliwahi kuchukua wana wa makarani, wenye daftari safi. Wana wa wavuvi wa maporomoko, waliokuja shuleni wakinuka samaki, nikamwachia mwenzangu. Alinishukuru, tena kwa moyo. Hapo tu nilipaswa kushtuka.

Ukuta kati yetu ulikuwa wa matete, haukuzuia hata kikohozi. Kila asubuhi nilimsikia akiinua kitu, leo kamba, kesho ufito: "Mutazame kwanza. Kila mutu aseme. Kisha tutapima." Walibishana kama wako sokoni, wakapima, wakashangilia. Aliyekosea hakuchekwa, alipewa fimbo ya meta apime tena mwenyewe. Baba zao walisimika miti ya mitego katikati ya maji yaendayo kasi, na mti ukipungua kidogo mto unaondoka na mtego. Watoto wale macho walikuwa nayo tayari. Mwenzangu aliwaongezea namba.

Mimi nilikuwa na njia ya haraka. Wangu niliwapa meta mkononi: pimeni, andikeni, kaeni. Madaftari yao yalipendeza sana.

Ndipo padri mkaguzi akatangaza kwamba mmoja wetu atapelekwa Yangambi kufundisha watoto wa wafanyakazi wa kituo cha kilimo, na atapewa nyumba ya matofali. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili, na kila mvua tulihamisha kitanda. Niliitaka nyumba ile. Kumbe mtihani wa kutuchagua ulikuwa wa kukadiria: mtoto atazame, aseme urefu, kisha apime.

Nasema wazi, nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Nilimwonea wivu hata kwa jinsi watoto wake walivyogombea kumshika mkono wakishuka naye mtoni.

Siku moja kabla ya ukaguzi, mchana, alipokwenda kula, niliichukua meta yake. Ilikuwa fimbo ya mbao isiyo na alama yoyote, ncha zake zimepakwa wino. Nikakata kwenye ncha kipande cha upana wa vidole vinne kwa msumeno, nikasugua kwa msasa, nikapaka wino upya. Watoto watasema kweli, niliwaza, na meta itawafanya waongo. Msemo wa mchimba kisima naujua, msinikumbushe.

Kesho yake, nami nimesimama mlangoni mwa darasa la mwenzangu, padri aliwauliza watoto wake urefu wa ubao. Binti wa mvuvi akajibu, "Meta mbili na kidogo." Akapewa fimbo ahakikishe. Hakusogea. Aliitazama tu.

"Mwalimu, hii haiko meta yetu. Iko mufupi."

"Iko mufupi!" darasa likaitikia, na mwingine akainua vidole vinne: "Wamekata hivi."

Mwenzangu akaipokea, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, kikatoka na wino, ambao unyevu wa msimu ule haukuuacha ukauke. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa sijaiosha vizuri.

"Mon père," akamwambia padri, "bon, ni muchwa. Muchwa iko mingi hapa."

Mchwa wapi! Alinisitiri mbele ya padri, nami badala ya kushukuru nikamwonea wivu kwa hilo pia, kwamba yeye aliweza.

Padri hakuridhika. Akaagiza meta yangu iletwe, na wanafunzi wangu waje nayo. Akasimama mbele yao, fimbo moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.

"Katika hizi mbili, gani iko murefu?"

Nilimtazama mwanafunzi wangu wa kwanza, yule mwenye daftari zuri kuliko yote, nikimwomba Mungu amfumbue macho. Hatimaye akanyoosha mkono, akasimama kwa adabu niliyomfundisha mimi.

"Mon père, utupe meta, tutapima."

Padri akaandika jina moja kwenye karatasi yake. Sikuhitaji kulisoma.