Nilimfukuza Mdogo Wangu Kabla Hajamaliza Kumsuka Mwanangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msije mkanitafutia mtu wa kumsingizia, maana wapo wanaoipenda sana kazi hiyo: mara shetani, mara nyota, mara "mapenzi ya Mungu." Waacheni wote. Ni mimi, kwa mikono yangu hii hii na mdomo wangu huu huu. Jina langu halitawasaidia kitu, kwa hiyo nabaki nalo.

Nilimfukuza mdogo wangu wa tumbo moja, hapa Rissne, pembeni ya Stockholm, Uswidi, Jumamosi mchana kweupe, theluji inaanguka. Na nilijiona shujaa! Loh!

Niwaeleze. Nina mtoto mmoja wa kike, ana miaka sita. Baba yake yuko Malmö na maisha yake, tusimharibie wino. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, zamu ya alfajiri, natoka mtoto bado amelala. Mdogo wangu, hapa nitamwita Neema, alikuwa anakaa kwangu. Jioni alikuwa anafanya usafi kwenye ofisi za Kista. Asubuhi ndiye anayemwamsha binti yangu, anamnywesha uji, anampeleka shule. Kumsuka ni yeye. Kumsemesha Kiswahili ni yeye, maana mimi mtoto akinijibu Kiswidi na mimi namjibu Kiswidi, yaishe. Tumbo likimuuma anamwita nani? "Moster!" Ndivyo wanavyomwita mama mdogo huku.

Na mimi nikaona wivu. Haya, nimesema. Wivu kwa mdogo wangu, aliyekuwa ananifulia mpaka sare za kazi!

Wivu wa namna hiyo huwezi kumwambia mtu mwenye akili zake, atakucheka. Basi unaupeleka kwenye maombi. Kuna akina mama tulikuwa tunakutana Husby Jumapili alasiri, sebuleni kwa mama mmoja wa Kikongo, tunamwita Mama Nabii. Nikaomba niombewe. Nikamwaga yote: mtoto anamshikilia mama yake mdogo, mimi nikirudi kazini hata hageuki, naumia. Mama Nabii ananitikisia kichwa, ananiongezea chai.

Baadaye, Jumapili nyingine, akanishika utosi. Macho kafumba, anatetemeka kama mashine ya kufulia inapokaribia kumaliza.

"Ma fille, mutoto wangu! Niko naona mutu mu nyumba yako. Mwanamuke. Ni wa damu yako. Ule ndiye atafanya mtoto akukatale wewe mama yake!"

Akina mama wote: "Yesu! Yesu!" Mimi chini, nalia, najiuliza huyu mama amejuaje.

Amejuaje! Si nilimwambia mwenyewe? Kwenye sofa lile lile, nikitafuna maandazi yake! Alinirudishia wivu wangu umefungwa kwa kitambaa cheupe, nami nikaupokea kama zawadi kutoka mbinguni. Mfyuu!

Sasa sikilizeni upumbavu unavyopangika. Wiki ile ile nilikuwa na kipindi kwenye shule ya watu wazima, ninakosoma ili nipate cheti cha uuguzi msaidizi. Mwalimu wetu ni mzee mrefu, mfukoni mwa koti hakosi kipande cha mkate na jibini. Siku hiyo akatuletea michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale, ile ya majonzi. Mwendo wake karibu mmoja. Mtu mkubwa anatabiriwa baya. Anasema, mimi? Halinipati, nina akili. Anafunga mlango huu, anamfukuza yule, anahama mji. Na kila anachofanya ili alikwepe ndicho kinachomfikisha. Pembeni limesimama kundi la wazee, linaimba "ole, ole," wala halinyanyui kidole.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mpumbavu mkubwa huyu!" nikasema kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. "Si angekaa tu nyumbani akanyamaza!"

Mwalimu akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ungekaa?"

"Ningekaa, nikapika chai!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasubiri watulie. "Watu wanadhani wale wafalme waliuawa na miungu," akasema. "Someni tena. Miungu ilisema tu. Aliyetembea kwa miguu yake ni mtu."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kichwa cha kutikisa ninacho, sijanyimwa.

Jumamosi ikafika. Neema kakaa kwenye kochi, binti yangu chini katikati ya magoti yake, wanatazama katuni. Anamsuka twende kilioni. Upande wa kulia umekwisha, mistari imenyooka kama reli. Upande wa kushoto nywele zimesimama. Mimi nikakaa pembeni yao, nikanyoosha mkono nisaidie.

Binti yangu akanisukuma. "Mama, wewe hujui kusuka. Moster ndiye anajua."

Tena kwa Kiswahili, kimenyooka! Kile nilichoshindwa kumfundisha. Wakacheka wote wawili, cheko la mtu na mtu wake. Na mimi masikioni nasikia Mama Nabii tu.

"Toka," nikasema.

Neema akadhani namwambia mtoto. "Atoke aende wapi, dada, na bado upande mmoja?"

"Wewe. Toka kwangu. Unachokitafuta humu nakijua."

"Natafuta chanuo, dada. Umelikalia."

Jamani! Mtu mwenye hila hajibu hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanda juu, nashukaje?

"Nimeonyeshwa! Unataka kunichukulia mtoto!"

"Umeonyeshwa na nani?"

"Na Mungu!"

"Mungu huyo hakukuonyesha nani anaamka na huyu mtoto asubuhi?"

Nikamtupia koti lake. Mtoto akaukumbatia mguu wa Neema, anapiga kelele, mimi nambandua vidole kimoja kimoja. Vidole vya mwanangu! Vina mafuta ya nywele, vinateleza.

Neema hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasema, "Niache basi nimalize kichwa, dada. Jumatatu ana shule."

"Toka!"

Akatoka.

Mnajua kilichofuata. Mtoto hakukubali nimguse nywele. Nikishika chanuo anapiga yowe mpaka jirani anagonga ukuta. Jumatatu akaenda shule nusu kichwa kimesukwa, nusu kimevurugika, na kofia ya sufu hakuivua hata darasani. Mwalimu wake akaniuliza kwa upole ule wao, upole unaokata kuliko kisu, kama nyumbani kuna shida. Nikasema hakuna. Kazini nikawaomba wanibadilishie zamu, wakaninunia. Na Kiswahili kikafa nyumbani kama taa iliyozimwa. Kila kitu Kiswidi. Siku moja ananiambia bila hata kulia, kijiko mkononi, kwamba mimi si mtu mwema na anataka kwenda kuishi kwa moster.

Basi. Mtoto amenikataa. Neno kwa neno kama nilivyotabiriwa.

Nikakimbilia wapi? Kwa Mama Nabii! Ndiyo, nilirudi! Nikalia pale sebuleni, nikaeleza. Mnadhani alinipa pole? Alirusha mikono juu, uso unang'aa.

"Munaona? Munaona? Nilisema! Bwana hasemake uongo!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele juu ya machozi yangu, jamani! "Iliandikwa! Iliandikwa!" Mmoja akanipigapiga mgongo, "Pole dada, hata ungefanyaje ingetokea tu," kisha akaniomba nimsogezee sahani ya maandazi.

Hapo ndipo nilipoliona lile kundi la wazee wa Kigiriki. Limevaa vitenge, linakunywa chai, linasema ole. Na katikati, mpumbavu niliyemcheka darasani. Kavaa koti langu.

Nikatoka bila kuaga. Neema alikuwa hukohuko Husby, kajibanza kwenye chumba cha rafiki yake Mrundi. Nikagonga. Akafungua.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe, dada."

"Rudi nyumbani."

"Sirudi."

"Mtoto anakulilia!"

"Mlete nimsuke. Lakini sirudi." Kisha akaniuliza kitu ambacho mpaka leo nakitembeza kama kijiwe kwenye kiatu. "Dada, ulimwamini kweli yule mama? Au ulikuwa unatafuta mtu wa kukusemea?"

Jibu alikuwa nalo. Nikamwambia nitamleta mtoto Jumamosi.

Siku hizi nampeleka mtoto Jumamosi. Tunabadilisha treni Västra Skogen, anatangulia mbio, hanishiki mkono. Neema anamsuka, anamwimbia, wanacheka. Mimi nakaa kwenye kiti cha jikoni kama mgeni. Saa ya kuondoka ikifika anajificha nyuma ya sketi ya mama yake mdogo, ananiambia, "Nenda tu, mama." Kwa Kiswahili safi. Neema ndiye anayembembeleza anifuate.

Darasani mwalimu aliniuliza nilipotelea wapi muda wote ule. "Nilikuwa napika chai," nikamwambia. Hakuelewa. Nilivyoona haya, heri hakuelewa.

Na wewe unayesoma hapo umejikunja kwenye kiti, unayo damu yako unayoionea wivu. Usinidanganye. Iko siku atakuja mtu na mafuta yake na kitambaa chake akwambie ameonyeshwa. Muulize: umeonyeshwa na nani, au nimekuambia mwenyewe? Na yakishaharibika usiniletee hadithi za majaliwa. Majaliwa hayana mikono. Hayambandui mtoto vidole, hayamtupii mtu koti kwenye theluji.

Huyo unayemwonea wivu, muulize kama amekula. Na kama umeshakuwa mjinga kiasi changu, ni lazima umfukuze, huwezi kujizuia, basi kaa chini, funga mdomo, umwache kwanza amalize kichwa.