Mume Wangu, Mkalimani wa Afisa

Miaka ya Hali ya Hatari, enzi za ukoloni, mume wangu alikuwa mkalimani wa afisa mmoja mzungu kutoka Nakuru. Sisi ni watu wa magharibi, lakini yeye alizaliwa shambani kwa mzungu huko Kabazi, akakua na watoto wa Wakikuyu mpaka lugha yao ikawa yake. Afisa alikuwa akizunguka mashambani kutafuta waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni na waliowapelekea chakula. Aliyeshukiwa alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kizuizini.

Majirani walituita vibaraka. Nikifika mtoni kuteka maji, wanawake wanajitwika mitungi yao na kuondoka. Nikamwomba mume wangu aache ile kazi.

"Nikiacha wataleta mwingine," alisema. "Huyo atawasemea watu wasiyoyasema."

Asubuhi moja lori lilisimama kwenye shamba la mzungu tulikokuwa tukiishi. Afisa alimwingiza mkunga wetu, mama wa Kikuyu aliyenizalisha watoto wawili, ndani ya stoo ya maua ya pareto. Mume wangu aliingia nao kutafsiri. Walipotoka, mkunga akiwa na pingu mikononi, sote tulikuwa tumekusanywa uani na maaskari. Afisa akasema maneno kwa Kiingereza, akamwashiria mume wangu atufasirie.

Mume wangu alivua kofia. Akasema kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili ili hata maaskari wasikie:

"Bwana anataka niwaambie mama huyu amekiri kuwalisha watu wa msituni. Mle ndani mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama huyu. Hakukiri chochote."

Mwenye shamba, mzungu aliyesimama hapo na aliyejua Kiswahili vizuri, akawa mwekundu. Afisa aliuliza kimesemwa nini. Mume wangu akamweleza mwenyewe, kwa Kiingereza, bila kuinamisha kichwa. Fimbo ya afisa ikamchana shavu.

Lakini watu wote walikuwa wamesikia, na mwenye shamba pia; afisa hakuweza tena kudai kwamba amekiri. Mkunga alifunguliwa pingu. Baadaye alifukuzwa kutoka Bonde la Ufa pamoja na Wakikuyu wote wa shamba lile, ila alienda na watu wake, wala hakupelekwa kizuizini.

Sisi tuliamriwa kuondoka kesho yake. Wanawake wa mtoni walikuja kunisaidia kufunga mizigo. Mmoja wao, akikaza kamba ya godoro, akaniuliza, "Mama, kwani huyu mzee wako amekuwa hivi siku zote?"

"Siku zote," nikamjibu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimemjua vizuri siku ile tu.

Mjini Nakuru alipata kazi ya kupakia magunia stesheni. Jioni nilipomwona akija, mabega yamejaa vumbi na kovu likionekana shavuni, nilitoka nje kumpokea, ili majirani wapya wanione.