Mfupa Nilioupaka Udi

Siku yangu ya kwanza katika ghala la maabara huko Sur, Omani, Msimamizi wa Ghala, Bwana Hilal, hakunipa ufagio. Alinipa mswaki laini na beseni la maji.

"Zuwena, umeosha maiti wangapi?"

"Wengi."

"Basi hawa hawatakushinda."

Masandukuni mlikuwa na mifupa ya ndege, imetoka pango moja la bonde la Wadi Bani Khalid. Ndege hao huzaliwa nchi za barafu, kaskazini kabisa ya dunia, na baridi ikiwazidi huja pwani yetu. Mimi nimesoma darasa la pili tu, Unguja, lakini Mkuu wa Maabara, Daktari Asya, alinifahamisha. Kiumbe akifa, kaboni ya aina moja iliyomo mfupani hupungua polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima iliyobaki, unajua alikufa zamani gani. "Tukijua walianza lini kuja kwetu, Bi Zuwena, tutajua na barafu kwao ilikuwaje."

Mfupa mmoja wa bawa, mtupu ndani kama filimbi, ulikuwa ukilia. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa, nao unapiga mluzi mwembamba ndani ya droo, majira yale yale ndege wanaposhuka pwani.

"Upepo huo," akasema Bwana Hilal.

"Upepo gani, na mlango umeufunga wewe?"

Akaenda kuujaribu mlango tena.

Ndege haoshwi wala hakafiniwi, najua. Lakini khofu ilinizidi, na mkono una mazoea yake. Nikaupaka mafuta ya udi, kama ninavyowapaka maiti wangu. Ukanyamaza.

Ulipopimwa, majibu yakaja: ndege wa juzi tu. Daktari Asya akakaa kitako. "Miaka yangu yote ya pango lile, bure."

Nikamuuliza, "Mafuta nayo yana kaboni?"

"Kila kilichopata kuishi kinayo, na kipya kinayo nyingi."

"Basi ni mimi, Daktari."

Bwana Hilal akafoka, "Huyu atoke leo leo!"

Daktari akanitazama. "Bawa la pili la ndege yule, uliligusa?"

"Wallahi sijaligusa."

Likatobolewa, unga wake ukapimwa: ndege mkongwe kuliko mtende wa kwanza wa bonde lile. Nikabakishwa kazini, ila chupa yangu ya udi akaichukua.

Sasa nimestaafu, niko Ibra. Nyinyi mnaoingia kazi hii, osheni kwa maji matupu, mkisikia kitu, kiacheni kiseme. Kila mwaka, ndege wakishuka, Daktari hunipigia simu.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Limeanza."

Tangu litobolewe, bawa la pili nalo hulia. Humwomba aisogeze simu kwenye droo, nisikilize.

La pili linaita. Langu, la udi, halijibu.