Kiti cha Mzee Athumani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiona tu karavani, nyumba ya magurudumu, ikivutwa barabarani hunirudia yote, hadi harufu ya breki. Ilikuwa Jumamosi, katika wiki zile Sydney ilipofunguliwa baada ya kufungiwa kwa ajili ya maradhi. Watu waliporuhusiwa kutoka nje ya jiji walitoka wote kwa pamoja, kama waliosikia nyumba inaungua.

Nakuandikia kwa sababu umeniambia sikukuu hii wewe na wenzako mtachukua gari mwende pwani ya kusini, na nilipokuuliza mtalala wapi ukanijibu kwamba mtajua hukohuko. Mimi bado sijawa mzee wa mkongojo. Nina miaka arobaini na kitu, na miguu yangu haijatulia: nimelala Tanga, Mombasa, Maskati, Fairfield, na sasa Seven Hills, na kila nilipo natamani nilikotoka. Kwa hiyo sikukatazi kusafiri. Nikukataze kwa mdomo gani? Nataka tu ujue yaliyotukuta mimi na Bi Zuhura.

Bi Zuhura humjui vizuri. Ni mama wa Tanga anayekaa Quakers Hill, hapahapa Sydney. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa dereva wa malori, na alipostaafu akanunua gari-nyumba kuukuu, yale yenye vitanda na jiko na tangi la maji ndani yake. Kila mwaka joto likianza walishuka wawili hadi kambi moja ya karavani kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi kutoka hapa, wakaegesha kwenye kona ya mwisho, karibu kabisa na maji. Mzee alikuwa na kiti chake cha kukunja, cha turubai ya kijani. Alikiweka kikatazama ziwa, akakaa humo siku nzima, na Bi Zuhura akawa anamsema kwamba hata samaki wamechoka kumwona.

Mzee alifariki mwanzoni mwa kufungiwa. Walioruhusiwa mazikoni walikuwa wachache, sisi wengine tukatoa pole kwa simu. Bi Zuhura akaingia eda. Fikiria, mwanangu: mji mzima umefungiwa ndani kwa amri ya serikali, na ndani ya mji huo yupo mjane aliyefungiwa mara ya pili. Sisi tulinung'unika. Yeye alisema afadhali, maana hakuna harusi inayompita wala jirani wa kumuuliza mbona hatoki.

Eda yake ikaisha karibu wakati uleule barabara zilipofunguliwa. Na wakati huohuo mwanawe anayeishi Melbourne akapata mtu wa kulichukua lile gari. Mama haendeshi, ua ni mdogo, gari linaoza. Jumatatu lingeondoka. Bi Zuhura hakubishana na mwanawe. Alinipigia mimi.

"Hamisi, kabla halijaenda, nipeleke pale pake siku moja tu. Nataka nimwombee dua nikiwa nimekaa alipokuwa akikaa."

Nilimuuliza kama ameweka nafasi. Akacheka. Mzee hakuwahi kupiga simu hata mara moja. Kwao wale, kumpigia mwenyeji simu na kumuuliza kama kuna nafasi ni kumtia aibu; unakwenda, unapiga hodi, unakaribishwa. Na kweli walikuwa wakikaribishwa, maana walikwenda siku za kazi, kambi ikiwa tupu, na msimamizi wa zamani akawapungia mkono tangu mbali. Mimi nami nimelelewa hivyohivyo. Hoja ile iliniingia bila kugonga. Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri, na chakula cha watu watano.

Mpaka leo sijaona tena barabara kama ile. Tangu tulipoingia njia kuu ya kusini, mbele yetu karavani, nyuma yetu karavani, mashua juu ya matrela, baiskeli zimefungwa migongoni mwa magari. Gari la Mzee lilikuwa limekaa bila kutembezwa kwa miezi, na usukani wake ulitaka mabega. Tulipofika kwenye mteremko mkali unaoshuka pwani, breki zikaanza kunuka. Nikaweka gia ndogo. Lori lililokuwa nyuma lilitusogelea hadi nikawa sioni kitu kwenye kioo ila meno ya bodi yake. Bi Zuhura akasema marehemu alikuwa akiteremka hapa huku akimenya chungwa. Sikujua ananitia moyo au ananicheka.

Tulipita kambi tatu kabla ya kufika kwetu, na nje ya kila moja palikuwa na kibao cha kusema pamejaa. Nilivisoma kimoyomoyo. Yeye hasomi Kiingereza, na sikumwambia.

Langoni tulikuta foleni imefika barabarani. Jua lilikuwa limepanda na watu wamechoka; watoto wanalia kwenye viti vya nyuma, wanaume wameshuka wamesimama na funguo mkononi. Yule msimamizi wa zamani hakuwapo tena. Palikuwa na binti mmoja mwenye fulana ya kambi na simu ya upepo, sauti imemkauka. Alimuuliza kila mtu jina, na wasiokuwa na nafasi akawaonyesha mahali pa kugeuzia. Mmoja alimtukana. Mwingine alidai kuongea na mkubwa wake. Binti akawajibu wote kwa maneno yaleyale, macho yameiva.

Zamu yetu ikafika. Nilimwambia hatuna nafasi lakini sisi ni wenyeji, huyu mama amekuja hapa miaka mingi. Akasema anasikitika, pamejaa hadi baada ya mwaka mpya. Nikamwambia ni usiku mmoja. Pamejaa. Nikamwambia hata pembeni ya jiko la pamoja. Nyuma yetu honi ikalia, kisha ya pili, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba kuna wengine waliolipia nafasi zao wanasubiri.

Hapo nikatoa nililokuwa nimeliweka akiba tangu Quakers Hill. Niliinama dirishani, nikaishusha sauti, nikaanza kumwambia yule binti kwamba huyu mama ni mjane, mume wake amekufa kwenye kufungiwa, hakupata hata kumzika. Nikaona macho ya binti yamebadilika. Alitazama ubao wake, akatazama kule ndani, na nikajua kwamba anatafuta nani wa kumwondoa.

Bi Zuhura hajui Kiingereza kingi, lakini neno la mjane analijua. Alilijifunza mwaka huohuo. Aliushika mkono wangu uliokuwa kwenye usukani.

"Unamwambia nini?"

Nikamwambia namweleza hali yetu.

"Hali yangu," akasema. "Eda nimekaa nyumbani kwangu, nikaimaliza. Leo ndiyo nimetoka. Wewe unanirudisha edani mbele ya watu nisiowajua, wanihurumie dirishani. Mume wangu si tiketi, Hamisi. Geuza gari."

Akamtazama yule binti, akaweka mkono kifuani na kumwambia asante kwa Kiingereza. 

Kuligeuza gari lile palepale langoni lilikuwa jambo la jasho. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Mtu akapiga kofi bodi ya gari kunionya kwamba nakaribia karavani yake. Mwingine akaniuliza kama leseni nimeiokota kwenye pakiti ya biskuti. Masikio yalikuwa yananiwaka, na si kwa ajili ya huyo. Nilikuwa nawaza Jumatatu. Nilikuwa nawaza kwamba mama huyu atarudi nyumbani bila kukaa pale, na gari litaondoka, na mimi ndiye niliyemleta.

Nilipopata pa kusimama kando ya barabara, chini ya kibao kinachokataza kuegesha muda mrefu, Bi Zuhura alikuwa ameshashuka. Alifungua mlango wa nyuma akatoa kile kiti cha kijani. Akaniambia kwamba kando ya ziwa kuna njia ya waendao kwa miguu, ambayo si ya kambi, ni ya kila mtu, na inapita hatua chache tu kutoka kwenye kona yao. Nikamwambia gari la askari wa manispaa linazunguka, watatuandikia faini. Akasema basi nibaki nalo. Sikubaki. Nilifunga milango nikamfuata.

Kwenye kona ilikuwapo karavani nyeupe, na mbele yake amesimama mwanamume mkubwa, shingo imebabuka kwa jua, mikono kifuani. Bila shaka watu walikuwa wakimjia tangu asubuhi kuomba wasogeze hema, waegeshe pembeni, wachomeke waya wa umeme. Alipotuona na kiti chetu alinyanyua kiganja kabla hatujafika, akasema kwa sauti ya chini, ya ukali, kwamba hapa hapana nafasi, tusiulize.

Nikahisi mdomo wangu unafunguka. Bi Zuhura akanitazama, nikaufunga.

"Sikuja kuomba nafasi," alimwambia yule mtu kwa Kiingereza chake cha vipandevipande. "Nakusalimu. Habari ya asubuhi. Nyumbani hawajambo?"

Yule mtu alisimama na kiganja chake hewani. Nadhani siku nzima hakuna aliyekuwa amemsalimu. Akakishusha. Akajibu hawajambo, halafu, kama mtu anayeomba radhi, akaionyesha karavani kwa kidevu. Mke wake amelala humo, akasema. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Sydney. Tangu maradhi yaanze hajapata likizo, amezoea kulala na simu kifuani akingoja kuitwa zamu. Huu ndio usingizi wake wa kwanza, na yeye anaulinda.

 Mwanangu, huyo aliyelala ndiye ambaye yule binti wa langoni alikuwa akitafuta kumwondoa, huyo au mwingine kama yeye, kwa neno langu moja.

Bi Zuhura akanong'ona kwamba basi hatutapiga kelele. Akauliza kama anaweza kuketi kidogo pale njiani, aangalie maji. Yule mtu alitazama kiti, akamtazama mama, akasogea akamwonyesha palepale mbele ya karavani, penye nyasi zilizolala. Bi Zuhura alikifungua kile kiti, kikalia kwenye bawaba, sote watatu tukageuka kutazama dirisha la karavani. Pazia halikutikisika. Akakaa. Akanyanyua mikono.

Mimi nilisimama njiani, sikio moja kwa gari la manispaa na jingine kwa pazia. Sijui alikaa muda gani. Najua kwamba hakulia, na kwamba yule mwanamume hakumuuliza kitu, alisimama tu nyuma yake akimzuilia jua bila kujua.

Alipomaliza aliinuka, akakiacha kiti wazi. Akamwambia yule mtu kwamba ni cha mkewe, akiamka. Yule mtu akakataa, akauliza kwani ni cha nani.

"Cha hapa," akasema Bi Zuhura.

Tukarudi garini, tukakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Akaichukua akaiweka kwenye mkoba wake, na hakunikubalia kamwe kuilipa. Njia nzima ya kupanda mlima alimenya machungwa akanilisha.

Sasa nasaha zangu, na usicheke. Kwanza, piga simu uweke nafasi, tena mapema. Huku ndivyo watu wanavyopiga hodi, na ukikataliwa kwenye simu hakuna anayekupigia honi. Pili, siku ya kufunguliwa kila mtu anatoka na kiu yake, na hutaijua ya mwenzako kwa kumtazama mikono aliyoifunga kifuani. Basi ukifika kwenye mlango wa mtu, msalimu kwanza. Msalimu hata kama ameshasema hapana. Na msiba wa mtu mwingine, hata uwe unampenda kiasi gani, usiutoe mfukoni mwako kununulia njia. Si wako. Mwenyewe akitaka kuusema, atausema.

Nenda mwanangu, na wenzako. Mola awashushe mteremko ule salama, awape pa kulala, na popote mtakapofika mkute mtu wa kuwaitikia salamu.